Safari ya Kisumu: Ua Tuliloliacha Ufukweni

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Tumezoea kuwasimulia katika ukurasa huu habari za miji yetu ya mwambao, mitaa yake, visima vyake na misikiti yake. Juma hili twaomba ruhusa tuwachukue mbali na chumvi, mpaka kwenye ziwa la Kisumu, kwa kuwa tuliyoyaona huko yatuhusu sisi wa pwani kuliko tulivyodhani siku tulipokuwa tukifunga mizigo.

Safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Binti yetu wa pili anasomea elimu ya mimea katika Chuo Kikuu cha Maseno, nje kidogo ya Kisumu, na mama yake alikuwa hajamtia machoni tangu Idi ya Mfunguo Tatu. Tukaazimia kwenda kumjulia hali. Lakini pamoja na hamu hiyo ya mzazi, mama watoto alikuwa na haja nyingine ambayo hakuitaja mpaka tulipofika Nairobi. Ndani ya mzigo wake mlikuwa na ndoo mpya yenye kifuniko. Kaka yake anakaa Garsen, karibu na Mto Tana, na amechimba bwawa la samaki. Jua la huko ni kali na maji hupata moto. Mtu mmoja alikuwa amemwambia kuwa Kisumu kuna maua yaeleayo juu ya maji, yenye kutia kivuli na kuyatakasa maji yaliyochafuka. Dada mtu akamwahidi nduguye mche mmoja, na ahadi kwake ni deni. Sisi tulicheka tukasema kuwa ndoo haina uzito, na ua ni ua.

Tuliondoka Miritini kwa treni ya asubuhi, tukalala Nairobi, kesho yake tukapanda basi. Wazee wetu walipokwenda Kisumu walikwenda kwa reli ya zamani, ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901, wakati mji huo ukiitwa Port Florence. Waswahili wengi waliifuata reli hiyo kwa biashara, kwa kazi na kwa kusomesha, na ndiyo maana hata leo mtu wa mwambao hakosi ndugu au rafiki wa kumfikia Kisumu. Basi letu lilipita Nakuru, likapanda hadi Kericho penye mashamba ya chai, kisha likateremka taratibu mpaka tambarare ya Kano. Hapo Ahero tuliona mashamba ya mpunga, na Mto Nyando ukipita na maji mekundu kwa udongo. Tuliyatazama maji hayo kama atazamavyo msafiri yeyote. Hatukujua kwamba kesho yake tungeonyeshwa yanakokwenda, na yanamlisha nani.

Siku ya pili, baada ya adhuhuri katika Msikiti wa Jamia, binti yetu alitupeleka Dunga, ufukwe wa wavuvi usio mbali na mji. Tulitarajia kuona maji. Tulichokiona ni konde la kijani lililoanza miguuni petu likaenda mbali, na ndege wenye miguu mirefu wakitembea juu yake kama kuku uani. Hapa na pale palikuwa na maua ya rangi ya zambarau hafifu, na katika jani la juu la kila ua palikuwa na doa la manjano lililozungukwa na buluu. Mama watoto alisimama akasema, "Subhanallah! Nani amepanda mboga hizi zote?"

Hakuna aliyepanda. Lile konde lilikuwa ni ziwa lenyewe, na chini ya majani yale palikuwa na kina cha kumzamisha mtu. Hilo ndilo gugu maji. Mashua zilikuwa zimelala kando, nyavu zimetundikwa, na akina mama wauzao samaki wamekaa na makarai yao matupu.

Mzee mmoja mvuvi alitukaribisha kwenye kivuli cha banda. Baada ya kuamkiana na kuulizana habari za huko tutokako, tulimwuliza imekuwaje mashua hazikutoka. "Sheikh," akasema, "jana jioni hapa palikuwa peupe. Usiku upepo umegeuka, umelileta lote. Kesho pengine litaondoka liende kwa wenzetu upande wa pili, pengine litakaa mwezi. Sisi hatujui. Gugu likifunga mlango, hakuna mtu wa kutoka." Akatueleza kuwa mvuvi akiwa ndani ya ziwa na gugu likamzunguka, huweza kukesha huko bila njia ya kurudi, na nyavu alizozitega hubebwa zisionekane tena. Wauza samaki hukosa samaki, na mtoto hukosa karo ya shule. Maji yaliyofunikwa hivyo hukosa hewa, baadhi ya samaki huyakimbia, na konokono wachukuao kichocho hupata pa kujibanza kwenye mizizi.

Mzee alikuwa akikumbuka wakati ambapo gugu hilo halikuwako. Mwisho wa miaka ya 1980 ndipo lilipoanza kuonekana katika ziwa hili, na njia mojawapo lililoingilia ni Mto Kagera utokao Rwanda na Burundi. Halikuwa mmea wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, kwenye mabonde ya mto Amazon, na watu walilitembeza duniani kwa sababu ya uzuri wa ua lake, wakalitia katika mabwawa ya bustani na nyumba za fahari. Misri ililipata tangu mwisho wa karne ya 19, na Wamisri wakalipa jina la kupendeza, wardu n-Nil, yaani waridi la Nile. Sisi tulilisikia jina hilo zamani tukiwa wanafunzi wa madrasa, kutoka kwa mwalimu wetu wa lugha, tukadhani ni waridi la kunukia. Kumbe ndilo hili. Hapa Kenya, kufikia mwaka 1998, lilikuwa limefunika zaidi ya hekta 17,000 za Ghuba ya Winam, ambayo ndiyo sehemu ya ziwa inayoukabili mji wa Kisumu.

Hapo mama watoto alimtazama binti yake, kisha akaitazama ndoo. Lakini hakusema neno. Alishuka mpaka ukingoni, akainama, akashika mche mdogo wenye ua zuri, akauvuta. Ulipotoka haukutoka peke yake. Nyuma yake ulifuata mwingine, na nyuma ya huo mwingine, yote imefungamana kwa kamba za kijani, nene kiasi cha kalamu. Alitaka mmoja akapata mitano.

"Mama," binti yetu akasema, "usiikate kwanza. Iweke hapa nikuonyeshe."

Wasomaji, sisi tumesomesha watoto miaka mingi, na si jambo dogo mzee kukaa chini akasomeshwa na mwanawe. Tulikaa. Na haya ndiyo aliyotufahamisha, tukiyaeleza kwa maneno yetu.

Mmea huu una mbegu, lakini hautegemei mbegu. Ukipata nafasi hutoa ubavuni shina jembamba mfano wa kamba, linalotambaa juu ya maji, na kwenye ncha yake huchipuka mche mwingine wenye majani na mizizi yake. Mche huo ni nakala ya mama yake, hautofautiani naye kwa lolote, nao ukikua hutoa kamba yake. Watafiti waliochunguza magugu maji ya nchi mbalimbali wamekuta kuwa sehemu kubwa ya yale yaliyoenea nje ya kwao ni nakala za ukoo mmoja tu. Yaani konde lile tuliloliona huenda, kwa asili yake, likahesabiwa kuwa ni mmea mmoja wenye miili mingi.

Sasa, mtu angeuliza: kitu kisichobadilika vipi huweza kuishi kila mahali? Ziwa si sare. Sisi tulio mbali huliona ni maji tu, lakini kwa kitu kiishicho ndani yake ziwa ni nguo ya viraka. Penye mlango wa mto pana tope lenye rutuba, ambamo mna udongo wa mashamba na mbolea iliyosombwa na mvua. Karibu na mji pana maji ya mitaro na vyoo. Nyuma ya mafunjo pana kivuli kizito. Kule katikati maji ni mengi, chakula ni haba na mawimbi hayatulii. Mmea wa peke yake ukiangukia kiraka kibaya hudhoofika.

Gugu maji halimwachi mwanawe peke yake. Binti yetu alituonyesha ile mitano. Mkubwa wao ulikuwa umekaa mahali peupe, penye tope jeusi na jua. Ile miwili ya mwisho ilikuwa imeingia chini ya mafunjo, mahali pa giza, na bado ilikuwa na majani mabichi yaliyonawiri. "Hii ya kivulini ilikuwa haijitoshi," akasema. "Ile kamba ndiyo iliyokuwa ikiilisha." Akatueleza kuwa mwaka 1991 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio lililohusu mmea huu huu, ambamo waliifuatilia kaboni kuona inaendaje, wakaikuta ikipita kwenye ile kamba kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Na huko China wamekuwa wakifanya majaribio mengi juu ya magugu mengine yanayotambaa namna hii. Huweka mama mahali pa neema na mtoto mahali pa dhiki, kisha wakakata kamba za baadhi yao na za wengine wakaziacha. Mara nyingi wale waliokatwa mapema huvia, na wale walioachwa hustawi kana kwamba dhiki haikuwagusa. Tena mama mwenyewe mara nyingi hapungukiwi sana, maana yuko penye neema. Apikaye sufuria kubwa haoni kupungukiwa kwa sahani moja aliyompelekea jirani.

Kadiri viraka vinavyotofautiana, ndivyo kamba ile inavyozidi kuwa na faida. Kwa hiyo mahali ambapo mimea mingine hushindwa kwa sababu hapa pazuri na pale pabaya, gugu hili hupata njia. Hukaa penye neema, likanyosha mkono kuvuka penye dhiki, mpaka likafika penye neema nyingine.

Tena huvaa mwili wa mahali lilipo. Penye chakula kingi mizizi yake ni mifupi, na penye uchache huirefusha kwenda kutafuta. Ile iliyo ukingoni mwa konde, penye maji wazi mbele yake, vikonyo vyake ni vifupi na vimevimba kama vitunguu, ndani mna hewa, navyo ndivyo maboya yake. Hiyo ndiyo izaayo kwa wingi. Ile ya katikati iliyobanana huacha kuzaa ovyo, ikarefuka kwenda juu kugombea jua, mpaka ikafika kiunoni mwa mtu.

Kisha likaja jambo lililotushangaza kuliko yote. Kamba ile si ya milele. Mtoto akishapata mizizi na majani ya kumtosha, kamba huwa dhaifu, na wimbi dogo au pezi la samaki huikata. Hapo tena haileti madhara, kwani yule aliyekatwa ni mmea kamili, upepo wamchukua akaanze konde lake mahali pengine. Ukimkata mapema waweza kumdhoofisha, na ukimkata akiwa amekomaa umemsafirisha.

Yule mzee mvuvi, aliyekuwa akisikiliza, alitikisa kichwa. "Hiyo tumeiona kwa macho," akasema. "Zamani tuliingia na mapanga, vijana kwa wazee. Tukakata, tukakata. Vipande vikaenda na maji. Baada ya majuma machache kila kipande kimekuwa shamba. Wengine waliyavuta wakayaacha hapa mchangani, karibu na maji. Mvua ikaja ikayarudisha nyumbani kwao."

Tulimwuliza basi walifanya nini. Akatukumbusha habari za wale wadudu. Mwaka 1997 Kenya iliachilia ziwani wadudu wadogo wa jamii ya fukusi waliotoka huko huko gugu lilikotoka. Wakubwa wao hutafuna majani, na mabuu yao hutoboa vikonyo kwa ndani, mpaka boya likajaa maji. Uganda ilitangulia mwaka 1995. Kufikia mwaka 2000 konde lile kubwa la Winam lilikuwa limepungua mno, kwa kazi ya wadudu hao pamoja na mawimbi na hali ya hewa ya miaka ile ya El Niño. Watu wakamshukuru Mungu, wakadhani yamekwisha. Lakini mbegu hukaa ndani ya tope miaka 15 na zaidi zikingoja, na kila mvua kubwa ishushapo udongo na taka, meza huwa imetandikwa upya. Mwaka 2007 lilikuwa limerejea kwa wingi. Tangu hapo huja na kwenda.

Wakati wa alasiri ulikaribia. Mama watoto aliuliza kama maji yale yenye rangi ya kijani yafaa kwa udhu. Tukamweleza kuwa maji yaliyobadilika kwa vitu viotavyo humo, ambavyo ni taabu kuyakinga navyo, kwa wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi hubaki na utohara wake. Hayo ndiyo ya majani. Lakini tuliposogea upande wa pili, penye mtaro utokao mitaani, pua zilitupa habari nyingine, tukaomba maji ya mtungi. Binti yetu akatuambia tutazame vizuri. Kweli, hapo penye harufu mbaya ndipo palipokuwa na magugu mafuta kuliko yote, meusi kwa ubichi, na maua yake mengi. Huko wazi maji yalikokuwa safi, yalikuwa madogo na yamefifia.

Hapo ndipo tulipolifahamu jambo ambalo tumelichukua safari nzima ya kurudi. Wengi wetu hudhani kuwa gugu ni adui aliyekuja kutoka nje, nalo ni kweli, alitoka nje. Lakini nguvu za kuvuka ziwa hazikutoka nje. Ziko sehemu chache zenye neema ya taka, tulizozitengeneza kwa mikono yetu: mtaro usiosafishwa, choo kinachomwagwa mtoni, mbolea iliyotiwa kwa fujo, kilima kilichokatwa miti udongo ukateremka. Kutoka sehemu hizo chache gugu hulisha watoto wake waliotapakaa pasipo na kitu. Mwenye kupigana nalo huko mbali na asizibe huku karibu, hung'oa vitukuu na kumlisha bibi.

Baada ya sala tulirudi kwenye ile ndoo. Mche wenye ua ulikuwa ndani, umekatwa kamba na kuwekwa maji, na kwa hakika ulikuwa mzuri. Mama watoto alisema, na tunayaandika maneno yake kwa idhini yake, "Nimesikia yote. Lakini huyu ni mmoja, na bwawa la kaka yangu si ziwa. Mmoja atafanya nini?"

Binti hakumjibu mama yake kwa ukali. Alichukua kijiti akaandika mchangani. Palipo joto na chakula, gugu hili huweza kujizidisha mara mbili kwa majuma mawili, au chini ya hapo. Bwawa la samaki lina joto, na samaki wanalishwa, basi chakula kipo. Akaandika moja, mbili, nne, nane, kumi na sita. Baada ya majuma 20, yaani miezi mitano tu, akafika 1,024. Kisha akauliza, "Mama, na Tana ukifurika?"

Swali hilo halikuhitaji jibu. Tana hufurika, na watu wa Garsen hawajasahau mafuriko ya mwaka 2023 na ya 2024. Mto ukipanda hauulizi bwawa ni la nani. Huyachukua ya mabwawa yote ukayamwaga makondeni na katika maziwa ya delta, kama vile Shakababo, ambako Wapokomo huvua na kulima mpunga, na Waorma hunywesha ng'ombe wao. Huko nako ni viraka vitupu: mto, mashamba, vidimbwi, matope yaliyokauka na yaliyolowana. Ni mahali ambapo gugu lenye kamba lingejiona limefika kwao.

Mama watoto alikaa kimya kwa muda. Si rahisi kurudi mikono mitupu kwa ndugu uliyemwahidi, hasa ndugu aliyewalea wadogo zake baada ya kufiwa na baba yao. Sisi hatukumshurutisha. Mwishowe aliinuka, akauliza mahali pa kuutupa. Binti yetu akamzuia asiurudishe majini. Waliuweka juu ya mawe makavu mbali na ukingo, pamoja na ile minne mingine, jua likaanza kazi yake. Ndoo nayo waliisuuza hapo hapo mchangani, wakaikausha mpaka chini kabisa, kwa kuwa tope kidogo laweza kubeba mbegu.

Usiku alimpigia kaka yake simu. Tulisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. "Kaka, shikamoo. Lile ua nimeliona. Nimeliacha. Nitakueleza nikija." Kisha akanyamaza kidogo, akaendelea, "La, si kwamba nimesahau. Nimekuogopea wewe na majirani zako." Baadaye alituambia kuwa kaka yake alicheka akasema atajenga banda la makuti juu ya bwawa, kama alivyotaka kufanya tangu mwanzo.

Siku ya kuondoka tulipita kwa akina mama wa Kisumu wanaosuka vikonyo vya gugu lililokaushwa. Husuka vikapu, mikeka na hata viti, kwa mkono usio mgeni kwa mtu aliyezoea kushona ukili wa miyaa. Ni kazi ya halali yenye kutia riziki nyumbani. Hata hivyo, mmoja wao alitwambia wazi kuwa hata wangesuka usiku na mchana hawawezi kulimaliza, wala hawaombi libaki ili wapate kusuka. "Mume wangu ni mvuvi," akasema. "Ziwa likiwa wazi tunakula zaidi." Mama watoto alinunua kikapu kimoja kwa ajili ya wifi yake wa Garsen. Mmea uliokauka hivyo hauoti tena.

Tulipokuwa ndani ya basi, tukipita tena juu ya Mto Nyando na maji yake mekundu, tulijiuliza kama sisi wa pwani tuna salama. Bahari ni mlinzi wetu kwa upande mmoja, kwani gugu maji halivumilii chumvi. Lakini si kila maji ya pwani ni ya chumvi. Bwawa la Nairobi limewahi kufunikwa na gugu hili hili, na maji ya huko huteremkia mto Athi, ambao ndio Galana, ambao ndio Sabaki, umwagao baharini karibu na Malindi. Na hata bila mto, iko ndoo. Gugu hili limevuka bahari kuu mikononi mwa watu wema waliopenda ua. Hakuna aliyekusudia uharibifu.

Basi twawausia ndugu zetu, na zaidi akina mama ambao ndio watunzaji wa bustani na maji ya nyumba zetu, mambo machache. Usihamishe mmea wa majini kutoka mahali hadi mahali kwa sababu tu unapendeza, hata mmoja, hata kwa zawadi. Ukiuona umeota katika bwawa, dimbwi au mtaro wa karibu nawe, usiukate vipande. Uvute na kamba yake na watoto wake wote, kabla haujatoa maua, uukaushe juani mbali na maji. Kisha utazame unakula nini hapo, uizibe njia ya chakula hicho, maana usipofanya hivyo mwingine atakuja kukaa pale pale. Mtaro wetu wa nyuma ya nyumba ni mdogo, lakini nao ni kiraka, na huenda ndicho cha kumlisha yule aliye mbali.

Iko na faida nyingine tuliyorudi nayo, nayo ni ya nyumbani zaidi. Tulikwenda Kisumu tukiwa na wasiwasi wa binti aliye mbali na jamaa zake, katika mji usio na shangazi wala halati wa kumtazama. Kila mwezi twamtumia kidogo tulicho nacho, na mara nyingine tumejiuliza kama tungemwita arudi karibu. Tulipoona ile miche miwili mibichi chini ya giza la mafunjo tuliangaliana, sisi na mama yake, tukafahamiana bila kusema. Gugu lile ni baya kwa ziwa, lakini halikukosea katika hili moja: aliye penye nafasi humshika mkono aliye penye dhiki, mpaka asimame kwa mizizi yake. Dini yetu imetuamrisha kuunga udugu, na hatuna udhuru wa kushindwa na jani.

Binti yetu amebakiza miaka miwili. Tumemwachia ile ndoo, ana kazi nayo huko bwenini.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie wavuvi wa Kisumu mlango wa riziki yao, awahifadhi ndugu zetu wa Tana, na atujaalie tuwe wenye kuyachunga maji aliyotukabidhi. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.